Link Trainer: rangi mpya peke yake haitoshi

Katika majumba ya makumbusho ya Marekani, Uingereza na Kanada, mafundi wenye kujitolea wanatumia siku zao za posho kutengeneza chombo kinachofanana na ndege ya watoto: mabawa mafupi, mwili wa buluu, na hakiruki kamwe. Ni Link Trainer, chombo cha kufundishia marubani wakiwa chini. Wamoja wanauliza: kwa nini kujisumbua, wakati kompyuta za leo zinafanya kazi hiyo vizuri zaidi?

Swali hilo ni la haki, na jibu liko katika historia ya chombo chenyewe. Edwin Link, mtoto wa mwenye kiwanda cha piano na vinanda huko Binghamton, New York, alikiunda kati ya 1927 na 1929. Alitumia mivukuto kama ile ya vinanda vya upepo: pampu inavuta hewa, mivukuto inajaa na kunywea, na chombo kinainama kama ndege angani. Mwanzoni wengi walikiona kuwa mchezo tu.

Mwaka wa 1934 ulibadilisha mawazo. Jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na katika majuma machache watu wake zaidi ya kumi wakafa, hewa mbaya ikiwa sababu kubwa. Ndani ya wingu, mwili unamdanganya rubani: anaona ndege iko sawa, kumbe inainama. Jeshi likanunua vyombo 6. Wakati wa vita ya pili ya dunia, marubani zaidi ya 500.000 walifundishwa ndani yake. Kifuniko kinafungwa, rubani anabaki na vipimo tu mbele ya macho. Kwenye meza ya mwalimu, kifaa chenye magurudumu kinachora njia yake juu ya ramani. Akikosea, anaanguka juu ya karatasi, si juu ya mlima.

Somo hilo halionekani katika sanduku lililopakwa rangi na kuachwa nyuma ya kioo. Lazima chombo kitembee tena. Lakini mivukuto imekauka na kupasuka, waya zimeoza, na wazee waliokijua wanaisha. Fundi mbao, fundi umeme na mtengeneza vinanda wanapaswa kukaa pamoja, na kila mmoja awe na kijana pembeni. Bila hivyo, chombo kitakufa mara ya pili.

Kwa mkaaji wa Bunia ao Bukavu, hadithi hii haiko mbali. Hapa ndege mara nyingi ndiyo barabara, na wingu linakaa karibu na mlima. Anayepanda ndege anaweka maisha yake katika mikono ya mtu aliyejifunza kuamini vipimo. Kujitolea kwa mafundi hao kunakumbusha viongozi wa usafiri wa anga popote jambo moja: rubani afanye makosa yake yote chini, kabla ya kubeba watu.