Bango linasema Ltd, lipa namba inasema vingine

DAFTARI LA BIASHARA
Na Mwanaidi Shekiondo

Pita Kariakoo au Kijitonyama usome mabango. Co. Ltd, Investments Ltd, Group of Companies, na ndani ni fremu moja yenye feni na friji ya soda. Sina ugomvi na ukubwa wa fremu. Ugomvi wangu unaanza wakati wa kulipa. Naingiza lipa namba iliyobandikwa ukutani, na kabla sijaweka namba ya siri, simu inanionyesha jina la mpokeaji. Si la kampuni. Ni la mwenye duka mwenyewe, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA.

Kwa maoni yangu hiyo bado si kampuni. Ni duka lenye cheti.

Watu husajili kampuni kwa sababu nyingi, na nyingine hazihusiani kabisa na sheria. Mama lishe aliyekuwa akipeleka chakula cha mchana kwenye ofisi anaambiwa kuanzia mwezi ujao hawanunui kwa mtu, wananunua kwa kampuni. Kijana anataka kuomba zabuni za serikali kwenye NeST na anaona bora aonekane mkubwa. Wapo pia, tuseme ukweli, wanaotaka kuitwa mkurugenzi. Nani asiyependa?

Na kusajili siku hizi si kazi. Tangu BRELA walipoanza kutumia mfumo wa ORS mwaka 2018, unajaza ukiwa sebuleni, unapakia katiba ya kampuni, unalipia kwa simu. (Walioko Zanzibar wana sheria yao na wakala wao, BPRA.) Ada inapanda kadiri ya mtaji unaoutaja. Ukitaka jina la biashara tu, ni shilingi 20,000 na mambo yameisha. Ila jina la biashara ni wewe mwenyewe. Deni lake ni deni lako, hadi kiwanja ulichonunua kabla hujaanza biashara. Kampuni ni mtu mwingine kisheria: ina TIN yake, mali yake na madeni yake, na wewe mwanahisa dhima yako inakomea kwenye hisa zako.

Msingi wa jambo hili uliwekwa imara na kesi ya mfanyabiashara mdogo tu. Aron Salomon alikuwa mtengeneza viatu wa Whitechapel, London. Baada ya zaidi ya miaka 30 ya kufanya biashara kwa jina lake, mwaka 1892 aliiuza kwa kampuni aliyoiunda mwenyewe. Sheria ya wakati ule ilidai wanachama saba, basi akajaza majina kama tunavyojaza sisi: mkewe na watoto watano, kila mmoja hisa moja. Zilizobaki, zaidi ya 20,000, zake. Sehemu ya bei aliyoidai kampuni ikaandikwa kuwa mkopo wenye dhamana wa pauni 10,000. Migomo ya wafanyakazi wa viatu ikaja, zabuni za serikali zikagawiwa wengine, na haikuchukua muda kampuni ikafilisika. Wadai wakasema kampuni gani hii, ni Salomon huyuhuyu, alipe. Mahakama ya Rufani ikawaunga mkono. Mwaka 1896 Mabwana wa Bunge la Uingereza walitengua: kampuni imesajiliwa kihalali, hakuna udanganyifu, deni ni la kampuni. Salomon alishinda akiwa fukara asiye na hata ada ya mahakama, kwa kuwa kabla ya hapo alikuwa ameweka rehani dhamana yake ili kuiokoa kampuni hiyohiyo.

Wenzetu hupenda kusimuliwa ushindi huo, wakaruka maneno "hakuna udanganyifu". Salomon alikuwa na maandishi: nani kamuuzia nani, kwa bei gani, kampuni inadaiwa nini na inamdai nani. Sasa chukua taarifa ya miamala ya duka letu la lipa namba. Ada ya shule ya mtoto imetoka kwenye mauzo. Tofali za nyumba ya Kibaha zimetoka kwenye mauzo. Mchango wa harusi ya binamu nao umo. Wakili wa mdai akiipata karatasi hiyo kazi yake imekuwa nyepesi, maana mahakama zetu nazo huweza kuvunja ukuta kati ya kampuni na mwenyewe zikiona imetumika kama kivuli.

Hela ya kampuni haichukuliwi, inatolewa. Jilipe mshahara na ukate PAYE. Au subiri faida ipatikane, ujigawie gawio na ulipe kodi ya zuio ya asilimia 10. Au ikopeshe na ikukopeshe, lakini kwa maandishi. Ukiona hayo yote ni usumbufu, hujafika kwenye kampuni, na si aibu.

Benki hawadanganyiki na cheti. Kakope kwa jina la kampuni changa uone kama hawatakuwekea mezani fomu ya dhamana binafsi ya wakurugenzi, na pembeni wakaomba hati ya nyumba. Ukisaini, kwa deni hilo ukuta umeubomoa mwenyewe. Kinga inabaki kwa wengine: aliyekukopesha mzigo, mwenye fremu, mteja anayedai fidia.

Kuna faida moja ambayo sisikii ikitajwa na wanaosajili. Mwenye jina la biashara akifariki, familia inakwama hadi msimamizi wa mirathi apatikane, na wateja hawasubiri. Kampuni haifi na mwenye hisa. Hisa ndizo zinazorithiwa. Kwa ndugu wanaofanya biashara pamoja, hiyo peke yake inatosha kuwa sababu. Ila majina mliyoyaandika "kujaza nafasi" ndiyo yatakayosimama siku hiyo. Shemeji uliyempa hisa 30 kwa kumpendezesha ni mwanahisa kweli.

Serikali nayo ina lake. Mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka anaweza kulipa kodi ya makadirio inayokokotolewa kwa mauzo tu. Kampuni yenye mauzo hayohayo haipati nafasi hiyo. Inatozwa asilimia 30 ya faida, na hesabu zake lazima zipite kwa mhasibu mwenye CPA. Kisha tunashangaa kwa nini watu wanasajili kampuni lakini wanaendesha duka. Wizara ya Fedha ikitaka biashara ndogo zirasimishwe, iweke ngazi hapo katikati kwenye Sheria ya Fedha.

Kabla ya hapo, asiye na mshirika, asiyekopa mzigo mkubwa na ambaye kazi yake haiwezi kumdhuru mtu, abaki na jina la biashara. Mwenye mojawapo ya hayo asajili kampuni, na wiki hiyohiyo afungue akaunti na lipa namba kwa jina la kampuni.

Na kwako uliyesajili zamani kisha ukaisahau: kampuni iliyolala bado inadaiwa ritani ya kila mwaka BRELA, na faini ya kuchelewa huhesabiwa kwa mwezi. Ingia ORS uangalie unadaiwa kiasi gani.