Nesi akimeza dawa za akili, nani anafaa kujua?

Zamu ya usiku imeisha saa moja asubuhi. Nesi ana karatasi ya daktari mkobani: fluoxetine, dawa ya kawaida ya kutibu msongo mkubwa wa mawazo. Inapatikana kwenye dirisha la dawa la hospitali hiyo hiyo anayofanyia kazi, lakini hataichukua hapo. Atapanda matatu hadi mji wa pili, anunue kwa pesa zake mahali ambapo hakuna anayemjua.

Kwani anakimbia nini? Macho tu. Anayetoa dawa pale dirishani ni mwenzake wa chai ya saa nne. Anayetunza faili za wagonjwa ni jirani yake kanisani. Kufika Ijumaa, wodi nzima itakuwa inajua.

Huo ni mfano wangu, si kisa cha mtu fulani. Lakini ukiwa na ndugu nesi, daktari au afisa wa kliniki, hebu muulize kama angechukua dawa hiyo kazini kwake.

Tukiangalia Kenya kwa jumla, mambo yamesonga. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikafanyiwa marekebisho. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Sawa. Ila ukisikiliza mazungumzo haya yote, mhudumu wa afya anawekwa upande mmoja tu wa meza, ule wa kutibu. Akihamia upande wa pili, hatujui tumweke wapi. Na tusijidanganye kwamba wahudumu ni tofauti na sisi wengine: jina la Mathari bado ni mzaha mtaani, na mzaha huo haubaki nje ya geti la hospitali.

Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, ulifungua mlango kidogo. Ugomvi mkubwa ulikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: Sh206,000 za makubaliano ya 2017 dhidi ya Sh70,000 ambazo serikali ilitaka kulipa. Mwaka huo huo vifo vya wanagenzi viliibua maswali kuhusu saa ndefu za kazi, madeni na upweke. Tulizungumza kuhusu waliofariki. Yule aliyetafuta matibabu mapema, akapewa dawa na akarudi wodini, hatukumzungumzia. Pengine hakutaka tujue kwamba yupo.

Sasa swali ambalo msomaji analo, na si swali baya: mimi mgonjwa, niko salama mikononi mwake?

Jibu la haraka huwa "ni kama kisukari tu". Ni kweli, lakini linaficha mambo. Kisukari hakimfanyi bosi aanze kutilia shaka kila uamuzi wako. Halafu baadhi ya dawa hizi zina madhara yanayogusa kazi moja kwa moja. Amitriptyline na olanzapine huleta usingizi. Lithium inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, na mtu anafaa kunywa maji ya kutosha, kitu ambacho nesi mmoja mwenye wagonjwa wengi hawezi kuahidi. Kwa mwenye bipola, kukosa usingizi peke yake kunaweza kuamsha ugonjwa. Mpangie zamu za usiku wiki nzima uone.

Lakini angalia vizuri: mengi ya hayo yanaweza kupangwa. Dawa ya usingizi inamezwa jioni, basi mtu apewe zamu za mchana. Miadi ya kupima damu inajulikana mapema. Kinachohitajika ni mtu mmoja anayepanga zamu ajue kwamba kuna sababu ya kiafya, bila kutajiwa ugonjwa wenyewe.

Mwenye siri hawezi kuomba hata hicho kidogo. Anachofanya ni kuruka dozi usiku wa zamu ili asisinzie. Au anajiandikia dawa mwenyewe, bila mtu wa kumfuatilia. Au anaacha ghafla akihisi nafuu, na dawa kama hizi zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na wakati mwingine ugonjwa wenyewe kurudi. Kama ni usalama wa mgonjwa unaokusumbua, mimi ningemwogopa huyo, si yule anayemeza dawa zake kwa mpangilio.

Marekani walijifunza kwa uchungu. Dkt Lorna Breen, daktari wa dharura jijini New York, alifariki kwa kujiua Aprili 2020, na familia yake ilisema aliogopa kwamba kutafuta matibabu kungemharibia kazi. Sheria yenye jina lake ilitiwa saini Machi 2022. Kubwa zaidi kwangu ni mabadiliko ya fomu za leseni, ambayo shirikisho la bodi za madaktari huko lilikuwa limeyapendekeza tangu 2018. Badala ya kuuliza "umewahi kutibiwa ugonjwa wa akili?", waulize kama sasa hivi kuna hali inayomzuia mtu kufanya kazi yake salama. Swali la kwanza linamwadhibu aliyetafuta msaada. La pili linamtafuta asiyeweza kazi.

Uingereza nako kuna huduma ya siri mahsusi kwa wahudumu wa afya, ili daktari asitibiwe na watu anaokula nao.

Hapa kwetu makaratasi hayana shida sana. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya kiafya, na sheria ya kulinda data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Tatizo liko pale dirishani, na kwenye ile orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani. Kaunti zinaweza kuanza na kitu rahisi: ziwaache wafanyakazi wao watibiwe kwenye hospitali ya kaunti jirani, bila kuulizwa kwa nini.

Na kama unasoma hii ukiwa zamu, na dawa ziko kwenye mkoba: usiache ghafla, ongea kwanza na anayekutibu. Ukizidiwa, laini ya Msalaba Mwekundu, 1199, ni ya bure. Dawa nyingi za msongo huchukua wiki mbili hadi nne, au hata zaidi, kabla ya nafuu kuonekana.