Kabla ya kufikiria rangi, chungulia uvunguni

Huenda hata kwenu liko. Limefunikwa turubai nyuma ya nyumba ya babu kule mashambani, au limeegeshwa chini ya mwembe katika ua wa mjomba, magurudumu yamekwisha upepo na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Kila Krismasi jamaa wakikutana swali ni lile lile: mkweche huu tuuuze kwa kilo kama chuma chakavu, au tuufufue? Vijana husema tuufufue. Kina mama, ambao ndio wanaojua bei ya unga na karo za shule, hunyamaza. Kunyamaza kwao kuna maana, na tutafika huko.

Leo hebu tulitazame gari moja la spoti ambalo Wakenya wa rika fulani hawawezi kulisahau, Datsun 240Z, na tujiulize ni kazi gani hasa inayomngoja mtu anayetaka kulirudisha barabarani akiwa katika gereji ya nyumbani kwake. Nimelichagua kwa makusudi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa ndani ya gari hili, na nyuma yao akaja Shekhar Mehta katika 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta alirejea, safari hii akiwa na Lofty Drews, na baada ya maelfu ya kilomita za matope na vumbi akajikuta analingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström, naye pia akiendesha Datsun. Ikabidi waamuzi watazame ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Mehta akatawazwa bingwa. Huo ulikuwa ushindi wake wa kwanza kati ya mitano.

Sasa, kwa nini suala hili lisiwe la mzaha? Kwa sababu magari haya hayaji tena. Kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu gari kuukuu kuingizwa nchini likishapita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo 240Z zilizomo nchini ni zile zilizokwisha kuingia zamani, na kila moja inayokatwa vipande na kupimwa kwenye mizani ya chuma chakavu imekwenda moja kwa moja. Hilo ndilo linalonifanya nisiwacheke vijana wanaosema tufufue. Hata huko Japani, mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan walijitolea wakalifufua gari lile lile lililoshinda Safari ya 1971.

Lakini kuna upande wa pili wa shilingi. Mwaka 1970 gari hili liliuzwa Marekani kwa dola 3,526. Katika miaka ya mwisho ya tisini, tawi la Nissan la nchi hiyo lilianza kununua 240Z kuukuu, kuzifufua na kuziuza kwa takriban dola 25,000. Mradi ulikoma kabla ya kufikisha magari 50. Ikiwa wenye michoro, vyombo na mafundi wao wenyewe walifika hapo wakaacha, wewe mwenye spana za kuazima na mshahara wa mwisho wa mwezi usikubali kuambiwa na mtu yeyote kwamba hii ni kazi ya miezi 3.

Watu wengi huogopa injini. Mimi nasema injini ndiyo isikuogopeshe. Ni ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita 2,393. Chukua injini ya silinda 4 ya Datsun 1600, ile iliyompa Herrmann ushindi wa Safari mwaka 1970, uiongezee silinda mbili, na utakuwa umepata hii. Upana wa silinda ni ule ule, milimita 83, na mwendo wa pistoni ni ule ule, milimita 73.7. Fundi mzee aliyezifungua Datsun 1600 ujanani mwake hatapotea njia humu. Chuma cha injini kikichakaa huchongwa, beringi hubadilishwa, na maisha yakaendelea.

Adui ni kutu. Gari hili halina fremu ya pembeni kama lori au pikapu. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo: injini, usukani, springi na abiria vyote vimebebwa na mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa kwa kuchomelewa. Na mabati ya magari ya Japani ya wakati huo yalikuwa membamba, tena hayakukingwa vyema dhidi ya unyevu. Kutu ikiingia ndani ya bomba la mraba lililo chini ya sakafu huanza kula kutoka ndani kuja nje, na siku unayoiona kwa macho ujue imeshakula miaka.

Basi kabla hujatoa hata shilingi ya turubai jipya, vaa nguo kuukuu, chukua tochi, bisibisi na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa. Anza chini ya betri, kwani asidi iliyovuja hapo hula bati kuelekea chini mpaka kwenye mhimili unaobeba upande wa mbele wa gari. Kisha uwazi ulio chini ya kioo cha mbele, ambapo majani hujikusanya, yakaziba njia ya maji, na maji yakateremka ndani ya kuta za miguuni. Inua zulia. Gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, bati lililooza hujibu kama kadibodi. Pitisha sumaku kwenye kingo zilizo chini ya milango na kuzunguka magurudumu ya nyuma. Mahali ambapo sumaku inateleza bila kushika, hapo hapana chuma, pana pati iliyopakwa na mtu aliyetaka kuuza gari upesi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Usisahau shimo la gurudumu la akiba, chini ya zulia la nyuma.

Halafu fanya jaribio moja ambalo halina gharama. Gari likiwa bado chini, fungua na ufunge milango yote miwili. Sasa inua upande mmoja kwa jeki, ufungue na kufunga tena. Mlango uliofunga vizuri mwanzoni ukianza kukwama, gari linapinda kiunoni.

Asili ya gari nayo huzungumza. Magari mawili ya mwaka mmoja, moja lililoishi Mombasa na jingine Nakuru, si ndugu tena. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi haina urafiki na bati. Mimi ningechagua la Nakuru lenye injini iliyoganda kuliko la Mombasa linalonguruma vizuri.

Ukigundua kwamba mihimili ya chini na sehemu zinazoshikilia springi za mbele na za nyuma zimekwisha, nitasema wazi: liache. Si aibu. Ila usilipeleke kwenye mizani. Milango, vioo, dashibodi, giaboksi na kabureta zake ni dhahabu kwa mtu mwingine mwenye bodi nzima isiyo na vifaa, na kwa njia hiyo magari mawili mabovu huzaa moja zima.

Ikiwa bodi ina nafuu, kazi ianzie hapo hapo. Bati lililooza hukatwa mpaka bati safi lipatikane, kisha kipande kipya cha unene ule ule kikachomelewa mahali pake. Kuchomelea kiraka juu ya kutu ni kuifunika mvua kwa shuka. Chora kigezo kwenye kadibodi, ukipeleke kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, na utashangaa jinsi watakavyokukunjia kipande hicho mbele ya macho yako. Lakini kabla ya kukata zile kingo zilizo chini ya milango, hakikisha fundi amechomelea nondo ya muda kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma. Bila nondo hiyo bodi italegea, na ukishamaliza kazi yako nzuri mlango hautafunga milele.

Sasa nije kwenye jambo linaloua miradi mingi kuliko kutu yenyewe, nalo ni pupa ya siku ya kwanza. Kijana hualika marafiki watano Jumamosi, kufikia magharibi gari zima limefunguliwa, na njugu zote ziko katika karai moja. Baada ya mwaka anaowa, au anahamishwa kikazi, na hakuna anayejua ile skrubu fupi ilitoka wapi. Gari linauzwa likiwa ndani ya masanduku, kwa bei ya masanduku. Fungua sehemu moja, uimalize, uirudishe, ndipo uende nyingine. Kila njugu iingie katika mfuko wake wenye maandishi, na simu uliyo nayo mfukoni ipige picha kabla na baada. Almuradi gari liweze kusukumwa kwa magurudumu yake, bado ni gari.

Hapa ndipo tunafika kwa wale kina mama walionyamaza, maana gereji ya nyumbani ni sehemu ya nyumba. Kuna watoto, kuna jiko, kuna jirani wa ukuta mmoja. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kutafuta spana iliyoanguka. Tumia stendi za chuma juu ya sakafu ngumu. Matofali hupasuka bila kutoa onyo. Tangi la petroli litolewe na kupelekwa mbali kabla ya mtu yeyote kuwasha mashine ya kuchomelea. Tangi tupu ni hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke. Injini isiwashwe milango ya gereji ikiwa imefungwa, kwa maana moshi wake una sumu isiyo na harufu ambayo humlaza mtu usingizi asiamke.

Na liko jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Bitana za breki za enzi hizo zilikuwa na asbesto. Usipulize vumbi lake kwa hewa wala kwa mdomo. Lowesha maji, upanguse, na kitambaa ukifunge ndani ya mfuko ukitupe. Rangi ya zamani nayo mara nyingi ilikuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Isuguliwe ikiwa na maji, mbali na mahali watoto wanapochezea, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

Breki zishughulikiwe kabla ya injini. Gari linaloweza kwenda lakini haliwezi kusimama ni balaa, na kijana aliyeisikia injini ikinguruma baada ya miaka 20 hazuiliki kutoka nje ya lango. Kwa hivyo mpira wote wa breki na mabomba yote ya mpira ya petroli hubadilishwa bila mjadala, hata yanapoonekana mazima. Injini iliyoganda usiilazimishe kwa stata. Ondoa plagi, mimina mafuta ya kulegeza kutu katika kila silinda, uyaache siku kadhaa, kisha uzungushe taratibu kwa spana. Kichwa cha injini hii ni cha aluminiamu, na desturi yetu ya kujaza radieta kwa maji ya mfereji matupu imeviozesha vichwa vingi. Ukikifungua, tazama njia za maji kabla ya kutazama vali.

Kuhusu karatasi, nitasema machache. Nambari ya chasisi ya 240Z za usukani wa kulia zilizouzwa nje ya Japani huanza kwa herufi HS30, nayo imegongwa kwenye ukuta ulio nyuma ya injini. Ikiwa hailingani na ile iliyo katika logibuku, au sehemu hiyo imechomelewa upya, funga boneti na uage kwa heshima. Na gari likiwa la marehemu babu, jamaa waafikiane kwanza juu ya urithi. Nimeona ndugu wakikosana kwa sababu ya gari ambalo hakuna aliyelitaka mpaka siku lilipopakwa rangi.

Rangi yenyewe? Ni kazi ya mwisho, na hiyo ningempa fundi mwenye chumba chake cha kupulizia. Rangi za siku hizi zinazochanganywa na kigumishi hutoa mvuke unaodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haiuzuii.

Jumapili ijayo tutazifungua zile kabureta mbili za 240Z, ambazo watu huzisingizia makosa yasiyo yao. Tayarisha brashi kuukuu ya meno, sinia safi isiyo ya jikoni, na ruhusa ya mwenye nyumba.