Jina la Mbwa na Jirani Yako

Mwezi huu tuzungumze juu ya mbwa. Huenda mama mwingine akacheka na kuuliza mbwa ana nini katika ukurasa wa familia. Ana jambo, tena kubwa, hasa kwa nyumba ambayo haijapata kufuga mbwa, kama ilivyokuwa nyumba yetu.

Baada ya wezi kuvunja banda letu la kuku, baba watoto alileta watoto wawili wa mbwa wenye umri wa majuma manane. Siku hizo tulikuwa na maneno na jirani yetu juu ya maji ya mvua yaliyotoka uani kwetu na kuingia kwake. Basi tukafanya kama wanavyofanya wengi mitaani, tukawapa mbwa wetu majina ya mafumbo. Mmoja tukamwita Watasema, wa pili Watachoka. Kila jioni tulisimama karibu na uzio tukiwaita kwa sauti kubwa. Tuliona tumepata njia ya kumjibu jirani bila kugombana naye.

Kuwafundisha hatukuwafundisha. Walipowakimbiza watoto na kuwavuta nguo kwa meno, tulicheka. Walipofikisha miezi mitatu, umri wa kuchanjwa kichaa cha mbwa, tulisema tutawapeleka mwezi ujao. Mwezi ujao ukafika, tukasema vile vile.

Siku moja mtoto wa jirani, wa miaka saba, aliingia uani kwetu kufuata mpira. Watasema alimkimbiza akamwuma mguuni. Mama yake hakuja kutuambia. Tulisikia siku ya tatu, tena kanisani, kwa mdomo wa mtu mwingine. Tulikwenda mbio, tukakuta jeraha limepakwa mafuta ya taa na kufungwa kitambaa. Tukamwuliza kwa nini hakutuita, hali anajua kwamba kazi yetu ni uuguzi. Akajibu polepole, "Ningeingiaje kwenu, dada, wakati kila jioni mnanisema kwa jina la mbwa?"

Tulikosa la kujibu. Tuliosha jeraha lile, tukampeleka mtoto hospitali siku ile ile, akaanza kuchomwa sindano za chanjo. Mbwa tulimfunga na kumwangalia kwa siku kumi. Hakuugua, na mtoto ni mzima. Lakini siku zile kumi hatukulala vizuri, maana tulijua tunachokiogopa. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa mtu, kupona ni nadra mno. Kinga ipo kabla ya hapo tu. Ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1885 huko Ufaransa, Louis Pasteur alipomchanja mvulana wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa.

Kwa hiyo, mama, shika haya. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala kinyesi cha ng'ombe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umalize sindano zote utakazopangiwa. Hata kama zimepita siku kadhaa, usiseme umechelewa, osha, uende. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Tulimwendea jirani, baba na mama pamoja, tukaomba radhi. Jumamosi iliyofuata tulichimba mfereji wa kuyapeleka maji barabarani. Kisha tukawachanja mbwa na kuwabadilisha majina. Sasa wanaitwa Simba na Bobi. Jina fupi la namna hii mbwa hulishika upesi. Ila lisifanane na neno la amri. Mbwa anayeitwa Kala atachanganyikiwa ukimwambia "kaa".

Kumfundisha jina ni rahisi. Mwite mara moja, akikutazama mpe kipande kidogo cha dagaa na umsifu. Usilitumie jina lake kwa kumkaripia, asije akaliogopa. Kumfundisha kukaa, shika chakula juu kidogo ya pua yake na ukirudishe nyuma taratibu. Kichwa kikiinuka, makalio hushuka. Hapo sema "kaa", umpe. Dakika tano asubuhi na tano jioni zatosha.

Jambo lililotushinda kwanza lilikuwa letu wenyewe. Baba alisema "kaa", watoto "keti", na dada wa kazi "tulia". Mbwa angemsikiliza nani? Tulikubaliana neno moja kwa kila amri. Akicheza kwa meno, wote tunaacha mchezo na kumgeuzia mgongo mpaka atulie. Kumpiga kunamfanya awe mwoga, na mbwa mwoga huuma. Ya haja, mtoe nje kila anapoamka na kila amalizapo kula, na umsifu akifanya mahali panapofaa.

Watoto nao wafundishwe. Mbwa anayekula au anayelala asisumbuliwe. Akiwakimbilia, wasimame wima kimya, wasikimbie. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata awe mpole namna gani. Na kadi ya chanjo itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, ili tarehe ya kurudia isisahauliwe.

Katika Mwanzo sura ya 2 tunasoma jinsi Mungu alivyomletea Adamu wanyama ili awape majina. Ni kazi ya heshima. Sisi tuliitumia kumchoma jirani, na karibu mtoto asiye na kosa ailipie. Mama mpendwa, kama uani kwako kuna mbwa mwenye jina la fumbo, au ndimi mbili hazisalimiani kwa sababu ya uzio, usingoje jeraha. Vuka leo.

Siku hizi mtoto yule huja jioni kuwaita Simba na Bobi wakae, nao hukaa. Mama yake humfuata, tukanywa chai.