Kamera ya kwanza haifai kula pesa ya HELB

Wiki jana binamu yangu alinipigia simu kutoka Embu saa nne usiku. Saa hiyo mtu hupiga kama kuna shida au kuna pesa. Ilikuwa pesa. HELB imeingia.

"Kaka, niko na thelathini na nane. Kuna jamaa Nairobi anauza Sony kwa sitini na tano. Anasema nimtumie hii niko nayo, atanitumia kamera na matatu, halafu ile ingine nimalize mdogo mdogo. Nitume?"

Nilimwambia hapana kabla hajamaliza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Lakini si wewe pia ulinunua kubwa?"

Ni kweli, nilinunua. Na jibu la hilo swali ni refu kuliko bando ya simu, ndio maana naliandika hapa. Najua hayuko peke yake. Kila semista ikianza, DM yangu inajaa swali hilo hilo kutoka Nchiru, Kangaru, Chuka, kila mahali kuna hosteli na mtu wa miaka kumi na tisa mwenye ndoto.

Sasa sikia yangu kwanza.

Nilipomaliza form four, mama aliuza mtamba akanipa 45,000. Hakuniuliza maswali mengi. Alisema tu, "Hii ndiyo ya kwanza na ya mwisho, uichunge." Nikaenda Nairobi na matatu ya alfajiri, nikarudi na Canon 5D Mark II ya mitumba, lenzi moja ya 50mm, betri moja na kadi moja ya 8GB. Hiyo kamera ilitoka 2008 na wapiga picha wakubwa duniani waliitumia. Nilikuwa nimeangalia video zaidi ya mia moja nikiwa Makutano nikitumia WiFi ya watu. Nilijua kila kitu kuhusu kamera hiyo isipokuwa jambo moja: haitumii kadi ndogo za SD ambazo unapata kwa kila duka la simu. Inatumia CompactFlash, zile kadi pana za zamani. Jaribu kuulizia hiyo mjini Meru uone vile watu watakuangalia.

Mwezi wa pili nikapata kazi, ruracio huko karibu na Nkubu. Nikaweka kamera kwa RAW, kwa sababu YouTube ilisema mtu serious hupiga RAW. RAW ya hiyo kamera inakula kama 25MB kwa kila picha. Kadi ya 8GB inabeba kama picha 300 hivi. Mimi nilikuwa napiga kila kitu: sufuria, kreti za soda, viatu vya bwana harusi. Kufika saa nane mchana, kadi imejaa. Nikakaa nyuma ya hema nikifuta picha moja moja kwa kile kioo kidogo, jua linawaka, sioni hata ninachofuta.

Nikiwa hapo nyuma, shosho wa bibi harusi alisimama akabariki. Nilisikia watu wakiitikia. Nilipotoka alikuwa ameketi.

Simu nilikuwa nayo mfukoni wakati wote. Ingeweza kuchukua hiyo picha bila shida. Sikuitoa kwa sababu niliona aibu. Watu wamenilipa kwa ajili ya kamera kubwa, nitatoaje simu mbele yao?

Mwaka uliofuata shosho alifariki. Familia ikanipigia, wanatengeneza kile kijitabu cha mazishi, wanataka ile picha akibariki. "Hata moja tu, kijana." Sikuwa nayo. Hawakunigombeza. Afadhali wangenigombeza.

Kamera yenyewe haikuwa na shida yoyote. Aliyeniuzia hakunidanganya. Nilinunua kamera ya mtu mwingine, mtu ambaye tayari anajua kazi na ana kadi sita kwa begi. Na nikanunua na pesa ambayo haikuacha hata mia ya kununua kingine.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kamera yako ya kwanza inafaa kuwa ile ambayo ikiibiwa kesho utalia, lakini utafanya mtihani. Kama ikipotea itabidi uahirishe masomo, hiyo si yako bado.

Na kabla ya hiyo, tumia simu. Najua hutaki kusikia. Lakini miezi miwili ya simu, ukiifanya vizuri, itakufunza zaidi ya video zile zote. Chukua kiti cha plastiki, weka karibu na dirisha, mpige picha mtu mmoja saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Usiongeze filta. Ukizilinganisha hizo tatu utajua mwanga ni nini, na mwanga ndio kazi yote.

Sisi huku tuna mambo yetu na jua. Ikweta inapita karibu kabisa na mji wa Meru. Saa sita jua liko juu ya utosi, macho ya watu yanageuka mashimo meusi, na hakuna kamera ya laki tatu itakayorekebisha hilo. Kinachorekebisha ni kumsogeza mtu chini ya mti wa makadamia au kwa kivuli cha ukuta. Hiyo ni bure. Ukitaka mwanga mtamu, amka. Kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, au baada ya saa kumi na nusu jioni.

Kitu kingine ambacho video za wazungu hazikwambii ni kuhusu ngozi yetu. Kamera ikijipimia mwanga yenyewe, inataka kila kitu kiwe cha kijivu cha katikati. Msimamishe rafiki yako mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso wake utapotea. Mkaribie hadi uso ujaze picha, itafanya kinyume, imfanye apauke. Hata zamani za filamu ilikuwa hivyo. Kodak walikuwa wanatumia kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa Shirley, na maabara zilipanga rangi kwa kumfuata yeye. Kwa hivyo jifunze kuongeza na kupunguza mwanga kwa mkono. Hata kwa simu inawezekana: gusa uso kwenye kioo, kisha vuta lile jua dogo juu au chini.

Haya, miezi miwili imeisha na bado una hamu. Sasa tuongee kamera.

Kwanza, achana na megapikseli. Kuchapisha picha safi ya A4 unahitaji kama megapikseli 9. Instagram yenyewe inapunguza picha yako hadi upana wa pikseli 1080. Canon 600D ya 2011 iko na 18. Inakutosha hadi uchoke.

Pili, jiulize kama wewe ni wa picha au wa video, kwa sababu hapa ndipo wengi huchomeka. Watu hudhani mpya ni bora. Canon 2000D ilitoka 2018, iko na megapikseli 24 na WiFi, unatuma picha kwa simu papo hapo. Lakini haina tundu la maikrofoni, na kioo chake hakigeuki. 600D ni mzee lakini kioo kinageuka kikuangalie na maikrofoni inaingia. 700D ya 2013 pia hivyo, na unaweza kugusa kioo. Kama unataka kujirekodi ukiongea, mzee anamshinda kijana. Kama ni picha tu na unapenda kuposti haraka, 2000D ni sawa. Ile ndugu yake ya bei ya chini zaidi, 4000D, mimi ningeiruka. Hata pale lenzi inaposhika ni plastiki.

Nikon? D3300 na D3500 ni nzuri sana kwa mwanafunzi, nyepesi na betri inakaa. Ila D3500 pia haina tundu la maikrofoni, na Nikon hizi ndogo hazina mota ya fokasi ndani. Ukinunua lenzi ya zamani isiyo na mota yake, utazungusha kwa mkono kila picha. Uliza kama lenzi ni AF-S au AF-P kabla hujalipa.

Zile mpya zisizo na kioo cha ndani, kama hiyo Sony ya binamu yangu, sizikatai. Ni nzuri, na huko ndiko kampuni nyingi zimeelekea. Lakini kwa pesa ya mwanafunzi, DSLR ya mitumba inakupa kamera pamoja na vitu vyake vyote. Ile ingine inakupa kamera na njaa.

Hapo ndipo nataka uwe mkali: gawanya bajeti. Ukiwa na 35, usitafute kamera ya 35. Tafuta ya 25 ikiwa na lenzi yake ya 18-55. Inayobaki ni ya betri ya pili, kadi mbili, begi lenye sponji na nauli. Lenzi ya 50mm f/1.8 utanunua baadaye, ukishapata kazi mbili tatu. Na ujue kwamba kwa hizi kamera ndogo za Canon, 50mm inakuwa kama 80mm. Ndani ya bedsitter utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta na bado miguu ya mtu haitaonekana.

Ukienda kununua ya mitumba, enda mwenyewe, mchana, mahali penye watu. Beba tochi na kadi yako. Toa lenzi, mulika ndani. Ukiona kitu kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, kimbia. Huku kwetu na baridi ya mwezi wa saba na ukungu, kuvu inapenda lenzi, kwa hivyo hata yako usiifungie kwenye begi lenye unyevu. Weka f/22, piga picha ya ukuta mweupe au anga, ukuze uone madoa ya vumbi. Bonyeza kila kitufe. Uliza shata imepiga mara ngapi. Ukiwa na Nikon, namba hiyo huonekana ukipakia picha kwenye tovuti za kuisoma. Canon nyingi zinahitaji programu. Na uombe risiti, au angalau picha ya namba ya kamera na kitambulisho cha muuzaji. Kamera za bei rahisi sana mara nyingi zina mwenyewe mahali fulani analia.

Usitume pesa kwa mtu hujamwona. Sitaongeza lingine hapo.

Kuna mtu atasema, "Lakini wateja huangalia kamera kwanza." Ni ukweli na sitabisha. Nimeshaona mzee akiangalia kamera ndogo na kukata bei hapo hapo. Lakini siku ya kazi kubwa unaweza kukodi kamera kubwa, uweke kitambulisho na dipoziti, urudishe jioni. Gharama hiyo unaiweka ndani ya bei ya mteja. Ukikodi mara tatu nne utajua pia kama kweli unaihitaji, au ulikuwa unaitaka tu.

Na kama bado unaona aibu kuanza chini, kumbuka Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi 1943, akakulia Dar es Salaam, na alianza na Box Brownie ya mitumba, kisanduku ambacho karibu hakina cha kurekebisha. Mwaka wa 1984 ni yeye aliyerekodi njaa ya Ethiopia, picha ambazo zilifanya dunia nzima isimame na kutoa michango. Bila shaka wakati huo alikuwa na vifaa vya maana. Lakini hakuanza navyo.

Nilimpigia binamu yangu tena Jumapili. Alikuwa amekasirika kidogo, na ana haki, hakuna anayependa kuambiwa subiri. Tulikubaliana hivi: analipa karo na nyumba ya semista. Inayobaki, kama 9, inakaa kwa M-Shwari, asiione. Miezi miwili anapiga na simu, ananitumia picha tano kila Jumamosi, na mimi nampa ukweli bila kumpaka mafuta. Akimaliza, tutaenda pamoja kutafuta 600D, na nitamwongezea.

Jumamosi hii alituma za kwanza. Nne ni mbaya. Ya tano ni mama muuza ndizi huko Majimbo asubuhi, mwanga unaingia kutoka kando, na uso wake unaonekana wote, hata zile mistari za karibu na macho. Aliomba ruhusa kwanza, na akamtumia mama huyo picha yake kwa WhatsApp.

Nimemwambia aihifadhi mahali pawili. Mimi sikuwahi kupata ya shosho.