Nzi wa Jangwani na Swali la Mwanafunzi

Nyote mwawajua nzi wale wadogo wenye macho mekundu, wanaozunguka ndizi zilizoiva mno na mtungi wa pombe. Akina mama huwafukuza kwa kitambaa. Wenye elimu huwafuga katika chupa, na kwa nzi hao wamejifunza mengi juu ya urithi wa mwili, elimu ile aliyoianza Padri Gregor Mendel kwa njegere za bustani ya monasteri yake huko Brno.

Juma hili twataka kusema juu ya ndugu zao walio mbali, katika jangwa la Sonora, mpakani mwa Marekani na Meksiko. Huko hakuna migomba. Kuna kaktusi, mimea minene ya miiba ambayo wengine huiita dungusi kakati. (Ile mirefu ya kwetu yenye maziwa meupe hufanana nayo tu, ni ya ukoo mwingine.) Kaktusi ikijeruhiwa huoza ndani, chachu huingia, na katika uozo ule nzi hutaga mayai yao. Kila namna ya kaktusi ina uozo wake na sumu yake.

Mmoja wao, Drosophila pachea, hukulia katika kaktusi iitwayo senita. Senita ina sumu iuayo nzi wengine wa jangwa lile, lakini yeye haimdhuru. Mwaka 1965 William Heed na Henry Kircher walieleza jambo la ajabu zaidi: senita ina namna ya mafuta ambayo nzi huyo hawezi kukua wala kuzaa bila kuyapata, na katika kaktusi nyingine za huko hayapati. Basi hawezi kuhama.

Lakini aliyetusumbua sisi ni mwingine, Drosophila mojavensis. Huyu ana makao manne. Katika rasi ya Baja California hukaa hasa katika kaktusi iitwayo agria. Ng'ambo ya ghuba, katika Sonora, hukaa katika pitaya. Katika jangwa la Mojave, katika kaktusi mfano wa pipa. Na katika kisiwa cha Santa Catalina, katika mpungate. Kwa macho ni wale wale. Walakini urithi wao umeanza kutofautiana. Hata wakiwekwa pamoja katika chupa moja, mara nyingi majike wa Sonora huwakataa madume wa Baja. Kwa nini? Ngozi ya nzi ina nta, na kwa nta hiyo hutambuana. Nayo hubadilika kwa kadiri ya kaktusi ambamo buu alilelewa. Kumbe chakula cha utotoni chaingilia mambo ya ndoa! Hata hivyo, wakikubaliana, watoto wao huzaa vizuri. Sivyo kwa jirani yao Drosophila arizonae: wakichanganyika naye, mara nyingi wana wa kiume huwa tasa.

Tulipoyasimulia hayo darasani, mwanafunzi mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, wa Baja na wa Sonora ni jinsi moja au mbili?" Sisi tulikuwa tumefundisha miaka mingi kwamba kila jinsi imezungushiwa ukuta wake tangu siku ya kwanza ya dunia. Tukamkaripia, tukamwambia aketi. Usiku ule hatukulala vizuri, maana tulijua ya kuwa tumemkaripia kwa sababu hatukuwa na jibu. Jibu lenyewe ni kwamba ukuta ungali unajengwa, na yeye aliona matofali yake.

Wala hatukuwa na haki ya kujificha nyuma ya dini. Papa Pius XII, katika barua yake Humani generis ya mwaka 1950, hakuwakataza wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, mradi tushike kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliiandikia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba mafundisho ya mageuko ya viumbe ni zaidi ya dhana tupu.

Asubuhi tulimwomba radhi mbele ya wenzake. Akakubali, kisha akauliza kama nzi wa ndizi na nzi wa mtungi wa pombe ni jinsi moja. Chupa mbili ziko dirishani mwa darasa sasa, nasi twangoja mabuu.