Juma Moja la Orlando na Maji ya Nizwa

NENO LA JUMA
Na Nassor Hamad Mbarouk

Katika Ramadhani iliyopita, usiku mmoja baada ya tarawehe, shemeji yangu aliyekaa Marekani, katika jimbo la Ohio, kwa miaka ishirini na ushei, alinitolea bahasha nene iliyojaa karatasi akanitaka tuzisome pamoja, si kwa kuwa yeye Kiingereza kimempiga chenga, maana anakijua kunishinda, bali kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, kila akizisoma peke yake hushikwa na ghadhabu asifike ukurasa wa tatu. Ndani ya bahasha ile mlikuwamo hati ya milki iliyosajiliwa serikalini huko Florida, yenye kuwafanya yeye na mkewe, ambaye ni dada yangu, kuwa wenye juma moja katika kila mwaka, milele, ndani ya nyumba ya vyumba viwili vya kulala mjini Orlando, si mbali na viwanja vya starehe vya Disney. Walilinunua asubuhi moja ya mwaka 2011, walipoalikwa kufungua kinywa bure na kuahidiwa tikiti za watoto, wakawekwa kitako saa nne badala ya saa moja na nusu waliyoambiwa, na walipoinuka walikuwa wamekwisha kutia saini deni la dola 18,000. Sasa watoto ni wakubwa, juma lile hawalitumii, wanataka kuliuza, na hakuna anayelitaka.

Jambo hili Wazungu huliita taimushea, nami nitaliita umiliki wa zamu, kwani ndivyo lilivyo: nyumba moja hugawanywa kwa majuma 52 ya mwaka, na kila juma likauzwa kwa mtu wake. Asili yake ni Ulaya, ambako mwaka 1963 ilianzishwa nchini Uswisi kampuni ya Hapimag, iliyowauzia watu hisa za kuwapa haki ya kukaa katika nyumba zake za mapumziko. Kisha likavuka bahari, na mwaka 1974 Jon na Christel DeHaan wakaanzisha huko Indiana kampuni ya RCI, ambayo kazi yake ni kuwawezesha wenye majuma kubadilishana, wa Florida akaenda Uhispania na wa Uhispania akaja Florida. Mwaka 1984 Marriott waliingia katika biashara hii, na mwaka 1991 Disney nao wakaingia, na kwa majina hayo makubwa jambo ambalo watu walilitazama kwa shaka likapata heshima sokoni.

Wako watakaosema kwamba kuuza wakati ni hadaa tangu mwanzo, kwa kuwa wakati haushikiki. Mimi si katika hao. Wanavyuoni wetu wametufundisha tangu zamani kutenga baina ya aini, yaani kitu chenyewe, na manufaa yake, na ijara yote imesimama juu ya tofauti hiyo: mtu hupewa manufaa ya nyumba kwa muda unaojulikana, kwa malipo yanayojulikana, na hapana lawama. Tena jamaa zetu waliorejea Oman katika miaka ya sabini wanaujua mfano ulio bora kuliko huu wa Orlando, nao ni falaji, ile mifereji ya kale inayoleta maji kutoka chini ya milima hadi kwenye mashamba ya mitende. Maji ya falaji hayagawanywi kwa pipa wala kwa ndoo. Hugawanywa kwa wakati. Kipimo chake huitwa athari, nacho ni kama nusu saa, ambayo mchana ilipimwa kwa kivuli cha jua na usiku kwa kuchomoza kwa nyota, na mwenye athari mbili ana haki ya kuuelekeza mkondo wote shambani kwake kwa saa moja, zamu yake inapofika, kisha aufunge umwendee mwenziwe. Athari hizo hurithiwa, hukodishwa na kuuzwa, na watu wameishi nazo karne kwa karne. Falaji Daris ya mji wa Nizwa, pamoja na nyingine nne, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na maji yangali yanapita.

Basi kama zamu ya maji ya Nizwa ina thamani na mwenyewe akiiuza ataipatia mnunuzi, kwa nini zamu ya nyumba ya Orlando haina? Swali hili lilinikosesha usingizi baada ya shemeji kuondoka, na jawabu nililolipata ni kwamba mambo mawili yaliyoko Nizwa hayako Orlando. La kwanza ni mnada. Athari hunadiwa hadharani, mchana, mbele ya watu wa mji wanaojuana, na dalali anayenadi anajulikana yeye na baba yake, hata bei ya maji ya juma hili haiwi siri kwa mtu. La pili ni matunzo. Aghalabu falaji yenyewe huwa na hisa zake za maji, zisizo za mtu, ambazo hukodishwa mnadani na fedha zake zikaendea kufukua mchanga na kuziba nyufa, na kwa sababu hiyo mwenye athari, isipokuwa palipotokea uharibifu mkubwa, haletewi kila mwaka karatasi ya kumdai. Mwenye juma la Orlando, kinyume cha hayo, hudaiwa ada ya matunzo mwaka nenda mwaka rudi, akilala katika nyumba ile au asilale, na ada hiyo hupanda. Ile ya shemeji yangu imekwisha kupita dola 1,200. Mtu anayenunua milki ya namna hii hununua pamoja nayo deni lisilo na mwisho, na mnunuzi wa pili, ambaye hakunyweshwa chai wala kuahidiwa tikiti, hulipiga hesabu deni lile kabla ya kutoa hata senti moja.

Ndiyo sababu katika mnada wa eBay utayakuta majuma yaliyonunuliwa kwa maelfu ya dola yakinadiwa kwa dola moja, na mengine yakikosa wa kuyachukua. Sehemu kubwa ya bei ya kwanza haikuwa thamani ya nyumba. Ilikuwa ujira wa wauzaji, na chai, na tikiti, na yote hayo yalikwisha siku ile ile. Zaidi ya hayo, makampuni mengine huwanyima wanunuzi wa mkono wa pili baadhi ya haki walizopewa wa kwanza: tangu Januari 2019 aliyenunua kwa mwenzake pointi za Disney, ambao huuza pointi za kukaa badala ya majuma, za nyumba zilizotangulia hawezi kuzitumia katika nyumba mpya, kuanzia ile iitwayo Riviera. Nasema hayo hali ya kuwa insafu yanilazimu nikiri kwamba milki za Disney ni miongoni mwa chache ambazo mwenyewe akiziuza hurejeza sehemu ya maana ya fedha zake. Lakini shemeji yangu hakununua huko.

Usiku ule ule, kabla hajaondoka, nilimshauri akodishe, na hapa nitakaa kidogo, kwani naamini wako wasomaji, au jamaa za wasomaji, walio katika hali kama yake. Kukodisha si kutangaza tu kwamba una nafasi. Kwanza huna budi kuisoma kanuni ya jumuiya ya wamiliki, maana ziko zinazoruhusu mtu kukodisha juma lake moja na kukataza kulifanya jambo hilo biashara, na ziko ambazo hazimruhusu mwenye deni la ada kuweka nafasi hata siku moja. Pili ujue juma lako ni la aina gani: likiwa limefungwa katika tarehe maalumu, umekwisha kujua ulicho nacho; likiwa la kuelea, thamani yake yote imo katika wepesi wako wa kushika nafasi mara tu daftari linapofunguliwa, ambapo aghalabu ni miezi kumi na miwili kabla, kwa kuwa juma la Krismasi au la Pasaka hupata mpangaji, na juma la Septemba, shule zikiwa zimefunguliwa na vimbunga vikihofiwa, laweza lisirudishe hata ada. Tatu ujue unashindana na nani. Kampuni iliyokuuzia ina nyumba ambazo haijaziuza, nayo huzikodisha kama vyumba vya hoteli; basi tazama wao wanatoza ngapi kwa tarehe zile zile, ushuke chini yao, kwani hapana mgeni atakayekulipa wewe usiyejulikana sawa na anavyoilipa kampuni inayojulikana.

Mpangaji akipatikana, andikianeni mkataba, hata akiwa ni ndugu yako wa msikiti mmoja: jina lake, siku ya kuingia na kutoka, kiasi alicholipa na kilichobaki, nani atalipa kikivunjika kitu, na itakuwaje akiahirisha safari. Kisha jina lake liandikishwe kwenye hoteli kwa hati iitwayo ya mgeni, ili asije na watoto wake na mizigo yake usiku akaambiwa mapokezi kwamba hatambuliwi. Na tafadhali, usimkodishe mtu juma ulilolipata kwa kubadilishana kupitia RCI au mshindani wake, Interval International. Kanuni zao zinakataza, na mgeni akifukuzwa aibu ni yako. Fedha utakazopata ni pato, na serikali ya Marekani hutaka kuarifiwa pato.

Nilipomaliza kumweleza hayo shemeji yangu alinyamaza kitambo, kisha akatoa bahasha ya pili, ndogo. Miaka miwili nyuma alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, aliyemwita kwa jina lake lote na kumtajia hata nambari ya nyumba, akamwambia kwamba yuko mnunuzi tayari, na fedha zake zimekwisha kuwekwa amana, kilichobaki ni dola 1,900 za gharama za kuhamisha hati. Alizituma. Baada ya juma moja akaambiwa iko kodi iliyosahauliwa, akatuma nyingine. Kisha simu ikawa haipokelewi. Dada yangu hakuwa akijua habari hiyo hata usiku ule, naye alikuwa amekaa nasi sebuleni.

Simlaumu, kwa kuwa waliomfanyia hivyo ni mafundi. Mnamo Julai 2024 serikali ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba magenge ya madawa ya kulevya ya Mexico, likiwamo lile la Jalisco lenye nguvu katika mji wa Puerto Vallarta, yamefanya utapeli huu kuwa kimojawapo cha vyanzo vya mapato yake, na shirika la FBI lilihesabu Wamarekani wapatao 6,000 waliopoteza karibu dola milioni 300 kati ya mwaka 2019 na 2023. Fikirini: mtu aliyekwisha kuuziwa kitu asichokihitaji anatafutwa tena, kwa sababu tamaa yake ya kukiondoa inajulikana.

Dawa ya sheria ipo. Jumuiya ya Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2009, ilikataza mtu kutozwa fedha yoyote na wakala wa kumuuzia milki ya namna hii mpaka mauzo yenyewe yatimie, na ikampa mnunuzi siku 14 za kujutia na kurudisha. Florida nayo mwaka 2012 ilipitisha sheria inayomkataza mtangazaji kudai kwamba yuko mnunuzi bila ya kumtaja jina, anwani na simu yake. Katika mawili hayo naona la Ulaya ni bora, kwani linakata mzizi. La Florida lataka mwenye mali awe na ujasiri wa kuuliza, na aliyekata tamaa haulizi. Laiti Marekani nzima ingeamuru kwamba dalali alipwe baada ya mauzo, kama anavyolipwa dalali wa nyumba Darajani au Mwembe Tayari.

Anayetaka kuondokana kabisa na milki yake na aanze kwa kampuni yenyewe, awaandikie akiuliza kama wanakubali kurejeshewa hati, kwani baadhi yao siku hizi wanakubali, ilimradi mkopo umelipwa na ada haina deni. Na warithi wajue kwamba milki iliyoandikwa "milele" hawalazimiki kuipokea. Wakiikataa kwa maandishi mapema, kabla ya kuitumia, sheria huko yawaruhusu.

Nawe msomaji mwenye ndugu Marekani, Kanada au Uingereza, mpigie simu leo umuulize kwa upole kama analo juma la namna hii, maana wengi huona haya kulitaja. Na akikwambia kwamba yuko mtu aliyempatia mnunuzi na anataka fedha kwanza, mwambie asitume.